Do ya Mjomba

Mjomba wangu alitoa do kanisani kwetu kwa miaka thelathini na moja. Kwa asiyeimba kwaya: do ni ile sauti fupi anayoitoa mwalimu kabla wimbo haujaanza, na sauti zote nne zinaidaka hapo hapo na kujipanga. Ikiwa sawa, hakuna anayeikumbuka. Ikipotoka, kanisa zima linaumwa masikio. Na do ya mjomba, miaka miwili ile ya mwisho, ilikuwa imepanda. Ingepanda ghafla ingekuwa nafuu, tungestuka tukasema. Ilipanda kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, mpaka sauti ya kwanza, wale wa juu kabisa, wakawa wanaimba wamesimama kwenye ncha za vidole.

Watatu kati yao walishaihama kwaya. Mmoja alisema amepata mzigo wa kuhudumu kwenye usafi wa kanisa, naye fagio hajawahi kulishika hata kwake. Mwalimu wa chekechea alibaki, mkaidi wa watu, akapoteza sauti wiki nzima baada ya ibada moja ya ubatizo, na nasikia watoto darasani kwake hawajawahi kuwa na furaha kama wiki ile. Wanaume wa sauti ya nne, watu wenye vitambi na wajukuu, walikuwa wanaimba mahali pa sauti ya tatu. Sauti ya tatu sijui walikuwa wapi.

Sababu tuliijua sote. Mjomba alikuwa hasikii vizuri. Tuliamini kwamba mtu pekee asiyelijua jambo hilo ni yeye mwenyewe.

Mimi ni mpwa wake. Alinichukua nikiwa na miaka sita, dada yake alipofariki, akanilea kwenye vyumba viwili nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza saa. Hakuwahi kuoa. Mtoto wake ni mimi, na tangu siku hizo ananiita "mama", kwa sababu eti nimechukua sura ya mama yake, hasa nikikasirika. Kwa hiyo nakasirika sana. Halafu, kwa bahati yangu mbaya, ndimi katibu wa kanisa. Siku za kazi niko ofisi ya maji, naandika barua za kuwajulisha wateja kwamba wanakatiwa maji. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ni ufundi. Barua mbaya inamleta mtu ofisini na matusi. Barua nzuri, mtu anakatiwa maji na bado anakushukuru kwa taarifa. Ndiyo maana Jumatano ile kwenye kikao, mchungaji aliponiangalia mara mbili mfululizo, nilijua mzigo unakuja kwangu.

Tulikuwa wanne katika ofisi ya kanisa, chumba chenye meza moja, spika mbovu mbili na sanduku la vitabu vya nyimbo vilivyopoteza majalada. Kulikuwa na mchungaji, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu kwetu, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Kulikuwa na mama mlezi, kiongozi wa akina mama, asiyeogopa kitu duniani isipokuwa kusema jambo mbele ya mwenyewe. Na kulikuwa na mzee wa matangazo, mwenye sauti nzito ya kukokota. Mzee huyo akitangaza kwamba umeokotwa mwavuli, watu wanainamisha vichwa.

Kukubaliana kulichukua dakika tatu. Mjomba aache, msusi achukue. Msusi ni dada wa sauti ya pili mwenye saluni jirani na kanisa, na sikio lake si la kawaida. Akiwa amekukamata kichwa anakusuka, anaweza kukwambia birika la jirani linachemka kwa sauti gani, na kama iko juu au chini. Juu yake hatukuwa na ubishi.

Nani amwambie mjomba, hapo ndipo tulipokaa saa mbili. Mchungaji alisema yeye bado mgeni, isije ikaonekana amekuja kufukuza wazee. Mama mlezi alisema haipendezi mwanamke kumwambia mwanamume aache jambo lake, akasahau kwamba mumewe ameshaachishwa naye sigara, pikipiki na marafiki wawili. Mzee wa matangazo alisema kazi yake ni kusoma, si kusema. Kisha wote wakanigeukia, kwa macho yale ya mteja anayetaka asamehewe mwezi mmoja.

Niliwaambia siwezi, na sikuwa natafuta kisingizio. Kwaya ndiyo nyumba ya mjomba, pale kibandani huwa anapita tu. Niliogopa nikimwambia neno hilo, siku moja nitabisha hodi kwake atanifungulia mlango, atanikaribisha vizuri, atanipa kiti, na ataniita "katibu". Nilikuwa tayari sauti ya kwanza wote wakatike koo kuliko siku hiyo inikute.

Basi mchungaji akaleta wazo la tangazo. Tuliandike vizuri, lisomwe Jumapili ambayo mzee hayupo, na mengine yatajipa yenyewe. Jumapili yenyewe ilikuwa hii hii inayokuja, kwa kuwa mjomba alikuwa amevimba kidole gumba cha mguu na ameshaniambia hatakuja. Tulifurahi kama watu wenye akili. Na mchungaji, dakika moja baada ya kutoa wazo, akakumbuka kwamba Jumapili hiyo amealikwa kuhubiri kwingine.

Ikabaki kutafuta neno. "Ameondolewa" lilikataliwa na mama mlezi, alisema lina harufu ya polisi. "Amestaafu" lilikataliwa na mchungaji, alisema mzee atauliza alistaafu lini na nani alimuaga. "Amepisha wengine" nililikataa mimi, kwani nalijua hilo "wengine", hata ofisi ya maji tunalitumia tukiwa na uongo. Mwisho mchungaji akafumba macho, akayafumbua, akasema, "Amepumzika. Ni neno la upole."

Tukalipokea. Watu wanne wazima, mmoja wetu anazika watu kila mwezi na mwingine analipwa mshahara kwa kuandika barua, tuliliangalia neno hilo kutoka pande zote na kuliona zuri. Nikaliandika kwa mwandiko wangu wa sherehe: Kanisa linamshukuru Mungu kwa utumishi wa mwalimu wetu wa kwaya, aliyetutumikia kwa uaminifu miaka thelathini na moja. Sasa amepumzika. Tuendelee kuikumbuka familia yake. Sentensi ile ya mwisho aliiongeza mama mlezi, akisema tangazo lisilotaja familia linakuwa kavu.

Jumapili asubuhi nilipita kwa mjomba, nikamwacha anakunywa chai na kukilaumu kiatu. Kisha nikaenda kufundisha watoto kwenye chumba cha pembeni cha kanisa, kama kawaida yangu. Kutoka kule huwezi kusikia maneno ya ndani, unasikia mvumo tu. Nilikuwa katikati ya safina, tumeshaingiza twiga, nikasikia mvumo wa mzee wa matangazo, halafu kimya, halafu mwanamke mmoja akalia. Wakafuata wengi. Nikawaambia watoto Roho ameshuka, tuendelee na tembo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mlezi na wenzake wawili, vilemba vimekwenda upande. Akanishika mabega akanikalisha kwenye kiti cha mtoto.

"Jikaze, mwanangu," akasema huku machozi yanamtoka. "Mjomba wako amepumzika."

Na mimi, niliyeliandika neno lile Jumatano kwa mkono wangu huu, nikaangua kilio. Nisidanganye, sikuwaza tangazo hata kidogo. Niliona kikombe cha chai na kidole gumba, nikasema moyoni kumbe kidole nacho kinaua, na mimi nilikicheka. Nililia mpaka watoto wakaanza kulia, pamoja na yule aliyekuwa tembo.

Tulipotoka nje, msafara ulishaondoka. Kwa mjomba ni mitaa mitatu tu nyuma ya kanisa. Mbele kwaya na majoho yao, nyuma yao watu wamebeba viti vya plastiki vichwani, maana mwenye msiba hakai bila viti. Nilitembea nimeshikwa huku na huku. Tulipofika kona ya duka la dawa, akili ikaanza kunirudi kidogo, kwa njia ya kazini. Nikauliza nani ameleta taarifa.

Mama mlezi alijipangusa pua. Akasema imesomwa kwenye matangazo. Tangazo la nne, baada ya mwavuli.

Nikamuuliza lilisomwaje, akanisomea kwa kichwa, neno kwa neno, na alipofika kwenye kuikumbuka familia yake, akasimama. Nilimwona jambo linamwingia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye bomba lililokuwa limekatwa.

"Kumbe ni lile letu?" akauliza kwa sauti ndogo. Alikuwa amelisikia tangazo kwa sauti ile ya mzee, akadhani mjomba amekufa usiku na sisi tumepitwa. Sasa akagundua kwamba kiatu chake kimeingia kokoto, akaniambia nitangulie.

Nilikimbia. Nilipoingia uani, kwaya ilishajipanga mbele ya mlango wa mjomba, sauti ya kwanza kushoto, ya nne kulia, kama alivyowafundisha mwenyewe. Lazima mtu atoe do, na hapakuwa na wa kuitoa, basi msusi akaitoa. Wakaanza wimbo wa kuaga, ule mrefu wenye beti nne. Walikuwa wanafikia mwisho wa ubeti wa kwanza mlango ukafunguliwa.

Mjomba alisimama pale na kiatu mguu mmoja, kitambaa mguu wa pili, ameegemea mpini wa fagio, kikombe mkononi.

Mtu mmoja nyuma yangu alikaa chini pasipo na kiti. Mzee wa matangazo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Lakini kwaya hawakukatiza. Mjomba alikuwa amewafundisha kwa miaka thelathini na moja kwamba wimbo ukianza humalizwa, hata paa likianguka. Basi wakaumaliza. Waliimba beti tatu zilizobaki wakimwangalia marehemu usoni, macho yamewatoka, midomo inafanya kazi yake. Mwalimu wa chekechea alikuwa analia na kuimba na kurudi nyuma, vyote kwa mpigo. Na mjomba, mazoea ni mabaya, akaweka kikombe dirishani akawapigia mapigo kwa mkono mmoja mpaka mwisho, akawafunga vizuri.

Mjomba akawatazama mmoja mmoja.

"Nani ametoa do?" akauliza.

Msusi akanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Mjomba alimwangalia kwa muda mrefu, nisijue anawaza nini. Halafu akawaona watu wa viti, akawakaribisha wakae, na akauliza, kwa heshima kabisa, msiba ni wa nani.

Watu wakaanza kugeuka, na wote waligeukia upande wangu. Mzee wa matangazo, aliyesema kazi yake si kusema, alininyooshea kidole waziwazi.

Nikamwendea mjomba kwenye sikio lake la kulia, lile lenye nafuu. Nikamwambia kwa kunong'ona, kwa sababu jambo hili tulikuwa tumelinong'ona miaka miwili na sikujua linasemwaje kwa namna nyingine.

"Sauti, mama," akasema.

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena, na mara ya nne ikabidi nipige kelele, uani, mbele ya kanisa zima na majirani waliopanda kwenye ukuta. "Ni wewe, mjomba. Tumeandika umepumzika. Tulitaka uache kutoa do, kwa sababu husikii."

Nilitamani ardhi inimeze, na isiniteme upesi. Mjomba aliketi kwenye kiti kimojawapo cha msiba wake. Kisha akatoa saa mfukoni, ya mteja fulani, akaibana kwa meno ya mbele, akakaa nayo hivyo kidogo, akaitoa. Nilishamwona akifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani ni uzee.

"Saa nimeanza kuzisikiliza kwa meno mwaka juzi," akasema. "Mama, ulidhani nazila?"

Akasema anajua. Alijua kabla yetu. Alikuwa anangoja mtu amwambie, kwani mtu hawezi kusimama Jumapili moja tu akajitoa mwenyewe, watu watadhani amekasirika. Akangoja mwaka wa kwanza, akangoja wa pili. Hakuna aliyekuja.

"Lakini tulikuwa tunasema, mjomba," nikamwambia kwa kelele.

"Labda mlisema," akajibu. "Sikusikia."

Mtu mmoja wa sauti ya nne alicheka kwa bahati mbaya, kisha uani kote kukalipuka. Hata majirani wa ukutani walicheka, na hao hawakujua chochote. Mjomba naye alicheka kidogo. Akanyoosha mkono kuelekea kwaya, akaeleza kwamba kwa miaka miwili alikuwa anaangalia shingo za sauti ya kwanza. Kila akitoa do, mishipa inawasimama kama kamba za kuanikia nguo, naye anajua hapo amewapandisha, ila hajui kwa kiasi gani, na Jumapili inayofuata anajaribu kushusha na mishipa inasimama zaidi. Leo amefungua mlango, hakusikia wimbo, aliona shingo. Zilikuwa zimetulia. Ndipo akauliza do ni ya nani.

Kicheko kilikuwa kimeisha. Msusi alijifuta macho kwa mkono wa joho. Mjomba akanivuta karibu, na hapo alisema kwa sauti aliyodhani ni ya chini.

"Imeniuma, mama. Si kuacha. Kwamba mmeweza kuja kuniambia mkiwa mmeshabeba viti."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona ofisi ya maji, na kule nimemkatia maji mchumba wangu wa zamani. Ila nilisikia pia kwamba ameniita mama, na hilo nikalishika kwa mikono miwili. Mama mlezi aliingia uani wakati huo, kokoto limetoka, akauliza kwa nini watu hawajapewa chai.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwepo. Alishasimuliwa. Alimwomba mjomba radhi mlangoni, akaomba tena madhabahuni, halafu akaniomba mimi, akamwomba mzee wa matangazo, na alipojikwaa kwenye benchi akaliomba na lenyewe. Mjomba alikaa upande wa waumini kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, kando yangu, hajui mikono aiweke wapi. Kidole kilikuwa kimepona. Alikuwa amevaa suti.

Msusi akasimama mbele ya kwaya. Akatoa do, na kwa woga wake ikatoka chini, chini kabisa, kama imetokea kisimani. Kwaya ikaipokea hivyo hivyo na kuanza.

Mjomba akaniinamia. "Wameanza?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na do? Iko sawa?"

Asiyesikia hajui kunong'ona. Swali lile lilifika mpaka madhabahuni. Mchungaji akanitazama, mama mlezi akanitazama, msusi mwenyewe aligeuza shingo huku anapiga mapigo, na wote walikuwa na macho yale yale ya Jumatano. Neno la upole nilikuwa nalo mdomoni, tayari limeshaandikwa kwa mwandiko mzuri. Nikalimeza.

"Imekaa chini, mjomba," nikasema, kwa sauti ya kumfikia.

Kanisa likanyamaza, isipokuwa kwaya, ambao wimbo wakiuanza humaliza. Mjomba akakubali kwa kichwa. Alisema ameona, sauti ya nne wameingiza videvu kifuani. Ubeti wa kwanza ukaisha. Msusi akashusha mikono, akavuta pumzi, na kabla ya ubeti wa pili akatoa do nyingine, juu kidogo ya ile, fupi, safi. Sauti zote nne zikaidaka na kupanda nayo.

Nilimgeukia mjomba nimfikishie habari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nimeshajaza kifua, sasa nimejua kusema. Akaniwekea mkono kwenye goti, macho yake hayajaondoka kwenye shingo za sauti ya kwanza.

"Usinipigie kelele, mama," akasema. "Nasikiliza."